VIPODOZI NA WANYAMA WA MAABARA: AHADI YA KAMPUNI NA USALAMA WA MTUMIAJI

Mkoa wa Simiyu, ambao ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza, unajulikana nchini kwa mambo mawili makubwa, yaani pamba na ng'ombe. Lakini katika maduka ya mji wa Bariadi, na katika minada ya Maswa, Itilima, Meatu na Busega, ziko bidhaa nyingine ambazo wananchi hununua mara kwa mara: sabuni za kuogea, mafuta ya kujipaka, dawa za nywele, rangi za midomo na krimu za uso. Bidhaa hizo zote huitwa vipodozi. Baadhi ya vipodozi vitokavyo nchi za nje huwa na picha ndogo ya sungura juu ya kopo, au maneno yanayoeleza kwamba bidhaa hiyo haikujaribiwa kwa wanyama.

Ahadi ya namna hiyo inazusha maswali mawili. La kwanza ni hili: sungura alihusishwaje na sabuni hapo awali? La pili ni zito zaidi: ikiwa mnyama hakutumiwa, usalama wa bidhaa ulijulikana kwa njia gani? Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali yote mawili, na kuonyesha kwamba mahali ambapo swali la pili halina jibu, anayejaribiwa huwa ni mnunuzi mwenyewe.

Asili ya majaribio

Hadi miaka ya 1930, mtengenezaji wa vipodozi nchini Marekani aliweza kuuza karibu kitu chochote bila kuulizwa na serikali. Mwaka 1933 ilitokea ajali ambayo ilibadili hali hiyo. Rangi moja ya kope, iliyouzwa kwa jina la Lash Lure, ilikuwa na kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Wanawake kadhaa walivimba macho, baadhi wakapofuka, na mmoja wao akafariki. Inafaa msomaji afahamu kwamba kemikali hiyo hiyo ingali inatumika katika rangi nyeusi za nywele, na pia huchanganywa katika piko ambayo hupakwa mikononi wakati wa harusi.

Mwaka 1938 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya vyakula, dawa na vipodozi. Tangu hapo viwanda vilihitaji njia ya kuonyesha kwamba bidhaa zao hazidhuru. Mwaka 1944 mtaalamu wa sumu wa serikali, John Draize, pamoja na wenzake, walitoa maelezo ya utaratibu wa kupima madhara ya kemikali katika ngozi na macho ya sungura. Utaratibu huo ukaitwa jaribio la Draize, ukaenea duniani kote, na ukatumika kwa miongo mingi.

Jaribio lenyewe halikuwa gumu kulifanya. Sehemu ya kumi ya mililita moja ya kimiminika kinachopimwa hutiwa katika jicho moja la sungura, na jicho la pili huachwa bila kuguswa ili liwe la kulinganishia. Kisha jicho hukaguliwa baada ya saa 24, 48 na 72, na pengine hadi siku 21. Mkaguzi hutoa alama kwa wekundu, uvimbe, usaha na ukungu wa konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho. Jumla ya alama zote ni 110, na kati ya hizo 80 ni za konea peke yake. Sungura alichaguliwa kwa sababu ni mpole, ni rahisi kumfuga, na jicho lake ni kubwa. Aidha, hutoa machozi machache kuliko mtu, hivyo kemikali haioshwi upesi.

Sambamba na jaribio hilo lilikuwapo jingine lililobuniwa na Mwingereza J. W. Trevan mwaka 1927. Katika hilo kundi la wanyama, aghalabu panya, lilipewa sumu kwa vipimo mbalimbali hadi kijulikane kipimo kinachoua nusu ya kundi.

Fundisho la mashudu ya pamba

Pingamizi dhidi ya majaribio haya zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ilihusu huruma: je, ni haki kumtia mnyama maumivu kwa ajili ya rangi ya mdomo? Ya pili ilihusu sayansi: je, jicho la sungura linasema kweli kuhusu jicho la mtu? Pingamizi hii ya pili inaweza kueleweka vizuri zaidi kwa mfano ambao mfugaji wa Bariadi anaujua.

Mbegu ya pamba ina rangi ya manjano iitwayo gosipoli, ambayo ni kinga ya mmea dhidi ya wadudu. Mbegu zinapokamuliwa mafuta, sehemu ya gosipoli hubaki katika mashudu. Ng'ombe mzima hula mashudu hayo kwa kiasi cha kawaida na kunenepa, kwa kuwa vijidudu vilivyomo katika tumbo lake la kwanza huifunga gosipoli pamoja na protini, ikapungua nguvu. Nguruwe hana tumbo la namna hiyo, na mashudu mengi humdhuru moyo na mapafu, hata kumwua. Kuku hudumaa, na kiini cha yai lake hugeuka rangi. Hata ndama ambaye tumbo lake halijakomaa yumo hatarini.

Kwa hiyo chakula ni kile kile, lakini majibu ni matatu. Mtafiti ambaye angepima mashudu kwa ng'ombe peke yake angetangaza kwamba hayana madhara, na yule ambaye angepima kwa nguruwe peke yake angeyapiga marufuku. Ndivyo ilivyo pia kwa sungura na mtu. Konea ya sungura ni nyembamba kuliko ya mtu, na sungura ana ukope wa tatu ambao mtu hana. Zaidi ya hayo, mwaka 1971 Weil na Scala walitoa matokeo ya uchunguzi ambamo maabara zaidi ya ishirini zilipewa kemikali zile zile zizipime kwa sungura. Majibu yalitofautiana sana: kemikali ambayo maabara moja iliiona kuwa kali, nyingine iliiona kuwa haina neno. Kipimo ambacho hakitoi jibu moja mikononi mwa wapimaji wawili ni kipimo chenye kasoro, hata kama suala la huruma litawekwa kando.

Jinsi ahadi ilivyozaliwa

Mwaka 1959 wataalamu wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, waliandika kitabu ambacho kiliweka misingi mitatu kwa kila mtafiti atumiaye wanyama. Kwa Kiswahili misingi hiyo inaweza kuitwa kubadili, kupunguza na kupoza: kubadili mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama pale ambapo hakuna njia nyingine, na kupoza maumivu ya wale ambao hapana budi watumiwe.

Misingi hiyo ilikaa vitabuni kwa miaka ishirini hivi kabla ya kuingia viwandani. Mwaka 1980 Henry Spira, mwanaharakati wa New York, aliongoza kampeni dhidi ya kampuni ya Revlon kwa kulipia matangazo makubwa magazetini kuhusu sungura waliopofushwa. Kampuni hiyo iliamua kutoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller ili zitafutwe njia mbadala. Mwaka 1981, kwa fedha za wenye viwanda vya vipodozi, kilianzishwa kituo cha utafiti wa njia hizo katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 1989 Revlon na Avon zilitangaza kuacha kabisa kupima kwa wanyama. Huko Uingereza kampuni ya The Body Shop, ambayo Anita Roddick aliifungua katika mji wa Brighton mwaka 1976, iliifanya ahadi hiyo kuwa sehemu ya biashara yake.

Baada ya kampuni zikafuata sheria. Uingereza iliacha majaribio ya vipodozi kwa wanyama mwaka 1998. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kupima bidhaa zilizokamilika mwaka 2004, kupima viambato vyake mwaka 2009, na kuuza vipodozi vilivyopimwa kwa njia hiyo mwaka 2013. India ilifuata mwaka 2014. Uchina, ambayo kwa muda mrefu ilidai kwamba vipodozi vya nje vipimwe kwa wanyama kabla ya kuingia nchini, ililegeza sharti hilo kwa bidhaa za kawaida kuanzia Mei 2021. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, ambayo inawahusu pia wanyama watumiwao katika utafiti.

Njia zilizochukua nafasi ya sungura

Njia mpya ziko nyingi, lakini tatu zatosha kuonyesha jinsi zinavyofanya kazi.

Ya kwanza ni ngozi ya maabara. Seli za ngozi ya mtu, ambazo hupatikana katika vipande vinavyobaki baada ya upasuaji hospitalini, huoteshwa katika chombo maalumu hadi zifanye matabaka kama yale ya ngozi ya kawaida. Kemikali hupakwa juu yake kwa muda mfupi, kisha ikaoshwa. Baadaye seli hutiwa rangi ya manjano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Kadiri zambarau inavyokoza, ndivyo seli nyingi zilivyosalimika. Iwapo seli hai zimebaki asilimia 50 au pungufu, kemikali hiyo huhesabiwa kuwa inawasha ngozi. Njia hii ilikubaliwa mwaka 2010 na shirika la nchi tajiri liitwalo OECD, ambalo miongozo yake ya vipimo hufuatwa na nchi nyingi.

Ya pili inapaswa kumvutia mkazi wa Simiyu, kwa sababu hutumia macho ya ng'ombe. Macho hayo hutolewa machinjioni kwa ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya nyama, hivyo hakuna mnyama anayeuawa kwa sababu ya jaribio. Konea hutengwa ikiwa bado mbichi, hupakwa kemikali, kisha hupimwa kiasi cha mwanga kinachopita ndani yake. Konea iliyodhurika huingiwa na ukungu, mwanga ukapungua. Kile ambacho Draize alikikadiria kwa macho yake, hapa hupimwa kwa chombo na kuandikwa kwa tarakimu.

Ya tatu ni kuunganisha habari. Kemikali nyingi za vipodozi zina historia ndefu ya matumizi, na umbo la kemikali mpya laweza kulinganishwa na umbo la zile zinazojulikana. Kwa mfano, tangu mwaka 2021 OECD imekubali kwamba uwezo wa kemikali kuleta mzio wa ngozi uamuliwe kwa kuunganisha vipimo kadhaa vya chupani pamoja na hesabu za kompyuta, pasipo mnyama.

Hata hivyo, njia hizi hazijamaliza kazi yote. Ngozi ya maabara haina ini, figo wala mimba. Kujua kama kemikali ikipakwa kila siku kwa miaka mingi itadhuru viungo vya ndani au mtoto aliye tumboni ni kazi ambayo bado ni ngumu kuifanya chupani.

Maneno ya juu ya kopo

Kutokana na hayo, msomaji anaweza sasa kuipima ahadi ya kampuni. Maneno kwamba bidhaa haikujaribiwa kwa wanyama yanaweza kuwa na maana tofauti. Huenda ni bidhaa iliyokamilika ambayo haikupimwa, ilhali viambato vyake vilipimwa. Huenda kampuni yenyewe haikupima, bali aliyeiuzia viambato, au serikali ya nchi nyingine, ndiye aliyepima. Tena, viambato vingi vya kawaida vilipimwa kwa wanyama miaka mingi iliyopita, na kampuni za leo hutumia elimu iliyopatikana wakati huo. Ndiyo sababu mwaka 1996 vyama vya kutetea wanyama vya Marekani na Kanada viliungana kuweka alama moja ya sungura anayeruka, ambayo kampuni haipewi mpaka ithibitishe kwamba hata wanaoiuzia viambato hawapimi kwa wanyama.

Sheria nazo hugongana. Huko Ulaya sheria ya vipodozi inakataza wanyama, lakini sheria ya kemikali inaweza kuwadai kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi wa viwandani. Kampuni ya Symrise ya Ujerumani ilipinga mahakamani amri ya kupima kwa wanyama kemikali mbili za kuzuia jua ambazo hutumika katika vipodozi tu. Mwezi wa Novemba 2023 ilishindwa.

Mahali ambapo mtu ndiye anayejaribiwa

Katika Afrika ya Mashariki hatari kubwa zaidi iko upande mwingine: bidhaa ambazo hazikupimwa kwa njia yoyote, au ambazo zinauzwa ingawa madhara yake yamekwisha julikana. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitoa katika jarida la kitabibu la Uingereza habari za wagonjwa 60 wenye maradhi ya figo yanayovimbisha mwili na kupoteza protini katika mkojo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu walipoacha kuzipaka. Watu hao hawakuingia katika jaribio lolote kwa hiari yao, lakini miili yao ndiyo iliyotoa jibu.

Yafaa kutambua kwamba jaribio la jicho la sungura lisingewaokoa. Jaribio hilo lilikusudiwa kuonyesha mwasho wa siku chache, na zebaki haina haja ya kuwasha. Hupenya katika ngozi, huingia katika damu, na hukusanyika katika figo kidogo kidogo. Kinga yake ni kuchunguza kwa vyombo vya kemia yaliyomo ndani ya kopo, na kuzuia kopo hilo lisifike dukani. Nchini Tanzania vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na dawa za jamii ya steroidi vimepigwa marufuku. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kuondolewa katika iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Lakini krimu zilizokatazwa hupita njia za panya, na mnadani hakuna maabara.

Mnunuzi wa kijijini anaweza kujilinda kwa kiasi fulani. Asinunue krimu isiyo na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji. Aepuke ile yenye maneno mercury, calomel au mercurio, au alama Hg. Awe na shaka na krimu inayoonya isigusane na dhahabu, fedha au alumini, kwani zebaki hushambulia madini hayo. Kwa bidhaa mpya iliyo halali, apake kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi, kabla ya kuipaka usoni. Njia hiyo hufichua mwasho na mzio. Zebaki haifichuliwi nayo hata kidogo.

Wako pia watu ambao kwao kipodozi si urembo. Kwa mtu mwenye ualbino anayeishi katika jua la Kanda ya Ziwa, mafuta ya kuzuia miali ya jua ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi. Mafuta aina ya Kilisun hutengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu hao. Nguvu ya mafuta ya namna hii kwa kawaida hupimwa kwa watu waliojitolea: sehemu ndogo ya ngozi yao hupakwa, ikamulikwa, na wekundu ukalinganishwa na wa sehemu isiyopakwa. Hapa pia mtu ndiye anayejaribiwa, lakini amekubali, ameelezwa hatari, na analindwa na wataalamu. Tofauti kati yake na mgonjwa wa Nairobi wa mwaka 1972 ni ridhaa na elimu.

Sabuni ya mbegu za pamba

Je, mtengenezaji mdogo wa Bariadi anayechemsha sabuni kutokana na mafuta ya pamba anaweza kutoa ahadi kama ile ya kampuni kubwa? Anaweza, na kwa gharama ndogo. Hatari kuu ya sabuni yake ni kostiki soda inayobaki bila kuungana na mafuta. Kilo moja ya mafuta ya pamba huhitaji takriban gramu 138 za kostiki soda safi. Mtengenezaji makini hupunguza kiasi hicho kwa asilimia tano hivi, ili kostiki yote imalizwe na mafuta yabaki kidogo. Sabuni ikisha komaa, hukatwa, na tone la fenolfitaleini hudondoshwa juu ya sehemu mpya iliyokatwa. Likigeuka kuwa na rangi ya waridi iliyokoza, kostiki ingalimo, na sabuni hiyo haifai kuuzwa. Mizani sahihi na chupa moja ya kemikali hiyo vinampa jibu ambalo jicho la sungura lisingempa kwa uhakika mkubwa zaidi.

Hitimisho

Ahadi ya kutotumia wanyama ni hatua ya kiungwana, na sayansi imeiwezesha kutimizwa kwa sehemu kubwa katika vipodozi. Lakini kampuni inayosema kwamba haikumpima sungura inapaswa iulizwe papo hapo ilipima nini, na kwa njia gani. Wauzaji, walimu, maofisa wa afya na wanunuzi wa Simiyu wana haki ya kuuliza hivyo kwa kila kopo, liwe limetoka Ulaya, Asia au Bariadi kwenyewe.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa nini ng'ombe na nguruwe huathiriwa tofauti na mashudu ya pamba. Mfano huu unafundisha nini kuhusu kupima kemikali kwa mnyama mmoja tu?

2. Taja maana tatu zinazoweza kufichika katika maneno kwamba bidhaa haikujaribiwa kwa wanyama.

3. Kwa nini kupaka krimu mkononi kwa siku kumi hakuwezi kuonyesha kwamba ina zebaki?

4. Chukua kipodozi kimoja kilichomo nyumbani. Orodhesha viambato vyake, jina la mtengenezaji na nchi kilikotoka. Ni habari gani juu ya usalama wake ambayo haikuandikwa?